Wasomaji Wanauliza: Farasi Kijana Mtukutu, Zizini na Njiani

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu farasi wa aina moja: ana miaka 2 hadi 5, mzima wa afya, mwepesi wa kuelewa, na kila kitu kwake ni mchezo. Kamba anaitafuna, ndoo anaipindua, na akitolewa nje ya uzio anataka kujua kila kichaka kimeficha nini. Yapo maswali yanayojibika kwa mistari michache, na yapo yasiyokuwa na njia ya mkato. Hayo ndiyo tumeyapa nafasi zaidi.

SWALI: Nina maksai (dume aliyehasiwa) wa miaka 3, chotara wa farasi wa Kisomali na wa mashindano. Hana roho mbaya, ila kila nikimwongoza anang'ata mkono wa koti, anakwapua kamba na kuitafuna. Juzi alimvua saisi (mtunza farasi) kofia akatimka nayo. Nikimpiga kofi la mdomo ndiyo kwanza anachangamka. Nifanyeje? (Msomaji, Nanyuki)

JIBU: Anachangamka kwa sababu umemjibu. Farasi dume wachanga, hata waliohasiwa, huchezeana kwa kung'atana shingo, magoti na midomo. Anayeng'atwa hulipiza, na aliyeanza hurudia upesi zaidi ili asishikwe. Kofi lako analihesabu kuwa zamu yako. Ukiendelea nalo, atajifunza kung'ata na kurudisha kichwa kabla mkono haujamfikia, kisha siku utakayotaka kumvisha hatamu atakuwa anakwepa kila mkono unaoukaribia uso wake.

Kabla ya mafunzo yoyote, mtazame mdomoni. Meno ya mbele ya katikati hubadilika akiwa na miaka 2 na nusu, yanayofuatia miaka 3 na nusu, na ya pembeni miaka 4 na nusu. Magego ya utoto nayo hung'oka katika kipindi hicho hicho. Farasi wako basi yuko katikati ya kubadilisha meno, na huenda ufizi unamsumbua. Mwombe daktari wa mifugo akague pia kile kijino kidogo kinachoota mbele ya magego ya juu. Si kila farasi anacho, lakini mwenye nacho akigongwa hapo na lijamu (chuma cha mdomoni) hurusha kichwa juu, na watu husema ni mkaidi. Kijino hicho hung'olewa mapema, kidonda kikapona, ndipo lijamu liingie.

Jambo la pili ni chakula na nafasi. Farasi anayefungiwa bandani saa 20 kwa siku huku akila kilo 4 za shayiri lazima atafute pa kumwagia nguvu zake, na pa karibu kabisa ni mkono wa koti lako. Kwa farasi wa kilo 380 mwenye kazi nyepesi, msingi uwe majani: nyasi kavu kilo 7 hadi 8 kwa siku, jiwe la chumvi la kulamba, madini kidogo. Nafaka ipunguzwe au iondolewe kabisa mpaka kazi iongezeke. Mchana awe malishoni pamoja na farasi mzee, na bora zaidi awe jike aliyekwisha kuzaa. Jike wa namna hiyo akishalaza masikio mara moja, na mara ya pili akageuza matako, kijana anaelewa mpaka uko wapi. Binadamu hatuwezi kusema jambo hilo kwa haraka na kwa uwazi namna hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Tumia helta (kifungo cha kichwani kisicho na lijamu) imara ya kamba na kamba ya kuongozea ya mita 3 na nusu, nene ya kukushiba mkononi. Usiizungushe kamba kiganjani hata mara moja. Ikunje mikunjo mirefu, uishike katikati, ili akitimka iteleze badala ya kukuvunja vidole. Tembea ubavuni mwake, usawa wa shingo, ukiacha umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa. Umbali huo ni wako wakati wote. Tatizo la wengi ni kwamba wao wenyewe humsogelea farasi, wakamkumbatia kichwa na kumpapasa pua, halafu wakashangaa kwamba na yeye anawasogelea.

Mdomo ukija, usiusukume. Geuka umkabili kifua, tikisa kamba kutoka kwenye kifundo cha mkono, kwanza polepole kisha kwa nguvu zaidi, mpaka arudi nyuma hatua 2 au 3. Akianza tu kuinua mguu kwenda nyuma, acha papo hapo, ushushe mikono na kupumua. Farasi hajifunzi kutokana na shinikizo. Anajifunza kutokana na lilipokoma, na lisipokoma ndani ya sekunde moja hivi hatajua ni lipi alilolifanya vizuri. Ukichelewa sekunde 3, yaani umeacha baada ya yeye kugeuza kichwa na kutazama ng'ombe, umemfundisha kutazama ng'ombe.

Akishasimama mbali nawe kwa heshima, mpe shughuli, kwa sababu mwenye akili asiyepewa kazi hujitafutia. Mfundishe kugeuza matako: simama usawa wa bega, mwelekeze pua kidogo upande wako, kisha weka vidole 2 ubavuni, nyuma ya pale mkanda wa tandiko unapokaa. Anza kwa kugusa manyoya tu, hesabu moja hadi tatu, ongeza uzito hadi ngozi isogee, hesabu tena, ongeza hadi aone usumbufu. Mguu wa nyuma wa upande wako ukipita mbele ya mwenzake, ondoa vidole. Fanya pande zote mbili, kwani farasi aliyejua kushoto huwa bado hajajua kulia. Zoezi hili litakuokoa njiani, kwa maana farasi aliyepishanisha miguu ya nyuma hana tena pa kujisukumia mbele wala pa kuruka.

Dakika 10 hadi 15 asubuhi na nyingine jioni zinatosha. Saa nzima mfululizo inamchosha akili, na akili ikichoka ndipo meno yanaporudi. Vitamu vya mkononi viache kabisa kwa sasa, karoti itiwe ndooni. Bandani mpe mpira mgumu au pipa tupu la plastiki alisukume, lakini tairi lenye nyaya zilizotokeza usimpe.

Na tofautisha. Masikio yakiwa mbele na pua imelegea, ni mchezo. Masikio yakilala, shingo ikanyooka na mkia ukachapa, hasa unapofunga mkanda wa tumbo, hayo ni maumivu, na mara nyingi ni tandiko au vidonda vya tumbo. Hapo mwite daktari.

SWALI: Naomba mnisaidie kumaliza ubishi. Kaka yangu anasema farasi apandwe akiwa na miaka 2 kama wale wa mashindano, mimi nasema asubiri. Na je, mtu mzito kiasi gani anaweza kumpanda? (Msomaji, Usa River)

JIBU: Wa mashindano hupandwa na miaka 2 kwa sababu mbio za umri huo zina fedha, si kwa sababu mifupa imekomaa. Mifupa ya farasi hufunga kuanzia chini kwenda juu: ile ya karibu na kwato kabla ya kutimiza mwaka, ya juu ya goti la mbele karibu na miaka 2 na nusu, na ya uti wa mgongo mwisho kabisa, baada ya miaka 5. Mgongo ndio unaoubeba uzito wako. Kwa farasi wa njiani tunashauri hivi: miaka 2, mafunzo ya ardhini tu, miaka 3, apandwe na mtu mwepesi dakika 10 hadi 20, kwa kutembea, mara 3 kwa wiki, miaka 4, safari fupi zenye telki (mwendo wa kukimbia polepole) kidogo na kanta (mwendo wa kasi zaidi ya telki) ya hapa na pale, miaka 5, kazi kamili inayoongezwa taratibu. Kwa hiyo umeshinda, lakini mwambie kaka yako kwamba kukaa bure mpaka miaka 5 nako si mafunzo.

Uzito wa farasi unapimika kwa futikamba ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Mwenye kifua cha 170 na urefu wa 155 anapata kilo 377. Mkubwa aliyekomaa abebeshwe isizidi asilimia 20 ya uzito wake, na kijana asilimia 15. Kwa huyu wetu ni kilo 56, pamoja na tandiko. Tandiko likiwa kilo 9, mpandaji asizidi 47. Hapa ndipo wengi hununa.

SWALI: Farasi wangu wa miaka 4 anakubali kutandikwa akiwa amesimama. Akianza kutembea anakunja mgongo, na nikimwomba kanta anainamisha kichwa na kurusha mateke hewani. Nimeshauriwa nikaze mkanda zaidi ili tandiko lisihame. (Msomaji, Limuru)

JIBU: Ushauri huo uuache ulipotoka. Farasi anayekunja mgongo baada ya kutandikwa anasema mojawapo ya mambo matatu: linauma, linamtisha, au nguvu zimemzidi.

Anza na maumivu. Ukiwa umekaa juu, mwenzako apitishe vidole 2 au 3 kati ya tandiko na kigongo cha mabega. Visipopita, tandiko limekaa juu ya mfupa. Baada ya dakika 20 za kazi, livue utazame jasho. Lililosambaa sawasawa ni zuri, ila doa kavu la ukubwa wa kiganja katikati ya manyoya yaliyolowa maana yake pamebanwa kiasi kwamba jasho limeshindwa kutoka. Nywele nyeupe zikianza kuota hapo, umechelewa miezi.

Ikiwa hakuna maumivu, rudi nyuma kwenye mafunzo. Mpapase mwili mzima kwa gunia jepesi mpaka asijali. Weka kitambaa cha mgongoni, kivue, kiweke tena kutoka kila upande. Kisha mkanda peke yake bila tandiko. Kisha tandiko, rikabu (vyuma vya kukanyagia) zikiwa zimefungwa juu. Mkanda ukazwe kwa awamu 3: kwanza ushike tu, umtembeze mzunguko mmoja, tundu moja zaidi, umtembeze tena, halafu la mwisho. Vidole 2 vipite kati ya mkanda na ngozi. Anayekazwa yote kwa mara moja hushikilia pumzi, na akiitoa akiwa kwenye mwendo anashtuka kwamba kuna kitu kimemkamata tumboni.

Mzungushe kwa kamba ndefu katika duara la mita 15 hadi 20 upana, dakika 5 kila upande. Duara dogo zaidi ya hilo linaumiza viungo vya kijana. Siku nyingine teremsha rikabu zimgonge mbavuni anapokwenda telki. Usipande mpaka aende kanta pande zote mbili na mgongo ukiwa umelegea, masikio yakicheza huku na huku. Kupanda kwenyewe: siku ya kwanza lala tumbo juu ya tandiko huku mwenzako ameshika kamba, ushuke. Rudia hadi apige miayo. Kisha kaa, atembee hatua 10, ushuke. Inatosha.

Akirusha mateke ukiwa juu, kumbuka kwamba hawezi kufanya hivyo vizuri bila kuinamisha kichwa. Inua kigwe kimoja (kamba moja ya hatamu), kikunje kichwa upande, mwachie kingine, na umsukume kwa miguu aende mbele katika duara. Kuvuta vigwe vyote viwili kunampa ukuta wa kuegemea. Kusimama kwa miguu ya nyuma ni habari nyingine. Hapo egemea shingoni, achia vigwe kabisa, na ukishashuka salama mtafute mkufunzi. Hilo halifanyiwi majaribio.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni saisi. Bosi ameniachia farasi jike wa miaka 4, mpole uwanjani, lakini tukitoka nje ya geti ni vituko. Bodaboda, nailoni za vibanda vya maua zikipepea, pundamilia, kila kitu anaruka. Nataka niwe nampeleka matembezi ya kawaida kandokando ya mashamba. Nianzie wapi? (Msomaji, Naivasha)

JIBU: Marahaba. Umeanza vizuri kwa kutokumwita mkorofi. Farasi anaona karibu pande zote, isipokuwa pale mbele ya paji la uso na moja kwa moja nyuma ya mkia. Kitu kikitokea kwenye sehemu hizo, au kikiingia jichoni ghafla kutoka pembeni, mwili hukimbia kabla akili haijauliza. Kazi yako si kumwondolea mshtuko. Mfundishe ashtuke akiwa papo hapo, miguu ikiwa chini.

Anzia nyumbani. Omba kipande cha nailoni kuukuu cha vibanda vya maua, upana wa mita 2 hivi. Kiburute ardhini ukienda mbele, mwenzako amwongoze farasi akikifuata kwa nyuma. Kinachokimbia hakitishi kama kinachokuja, na jike mdadisi ataanza kukinusa mwenyewe. Baada ya siku chache kitandaze akikanyage, kisha kifunge kwenye uzio kipepee huku anakula nyasi umbali wa mita 10, kesho 8. Bodaboda vilevile. Mlipe kijana wa pikipiki asimame amezima injini, farasi anuse. Awashe. Aende polepole mbele yake. Kupita kutoka nyuma kuwe mwisho.

Safari ya kwanza nje ya geti, nenda kwa miguu ukimwongoza, kama ulivyokuwa ukifanya uwanjani. Ya pili pia. Ya tatu panda, ukifuatana na farasi mzee asiyejali dunia. Kaa nyuma yake kwa umbali wa urefu wa farasi mmoja na nusu, usikaribie zaidi, ili teke likitokea lisimfikie wako. Nusu saa inatosha, kwa kutembea tu. Ukiona mzee amepita kwenye nailoni na wako amenyoosha shingo bila kusimama, kazi inakwenda. Zikipita wiki chache, wapishanishe: wako atangulie mita 50, arudi nyuma, atangulie tena. Asiyepata nafasi ya kutangulia atakuwa mkia wa mwenzake maisha yote, na siku mzee akiumwa mguu huna matembezi.

Akikiona kitu na kuganda, mwache aangalie. Usimpige teke na usimgeuze nyuma, kwa sababu ukigeuza umekubali kwamba kweli pale pana chui. Mpe sekunde 10. Akishusha kichwa au kulamba midomo, omba hatua moja. Akikataa, mpitishe kwa mshazari, pua ikiwa imegeuzwa kidogo mbali na kitu, mguu wako wa upande wa pili ukimzuia asikimbilie barabarani. Katika mshazari anakiona kwa jicho moja, naye anaendelea kutembea. Akiruka pembeni, vigwe vilegee mara anapotua. Anayevutwa mdomo kila anaposhtuka hujifunza kwamba bodaboda huuma mdomo.

Sasa mambo ya huko kwenu, ambayo vitabu vya Ulaya havina. La kwanza ni mashimo ya mhanga na ngiri. Huwa kwenye nyasi ndefu na karibu na vichuguu, na mguu wa mbele ukiingia kwa kasi huvunjika. Kanta na shoti (mbio za kasi kabisa) zifanyike tu kwenye njia uliyoitembea kwa miguu wiki hiyo hiyo, kwa kuwa shimo huchimbwa usiku mmoja. Nyasi zikifika juu ya goti, tembea, mwachie vigwe atazame chini. Farasi anayeruhusiwa kushusha kichwa huyaona mashimo vizuri kuliko wewe. La pili ni viboko. Kandokando ya ziwa usiende kabla jua halijachomoza sawasawa wala baada ya kuanza kuzama, wakati wanapotoka na kurudi malishoni, na usikae kati ya kiboko na maji saa yoyote. Nyati aliye peke yake kichakani mpe nafasi kubwa, ugeuke mapema. Pundamilia si hatari kwa wakati huo, ila jike kijana anaweza kutamani kuwafuata. Fanya lile zoezi la kugeuza matako, uendelee na njia yako.

Vifaa: kofia ngumu, viatu vyenye kisigino cha sentimita 2 hivi, na rikabu iliyo pana kuliko kiatu kwa sentimita 2 na nusu. Mguu ukinasa kwenye rikabu finyu, farasi mwoga atakuburuta mpaka getini. Beba kisu na simu, na simu iwe mwilini mwako. Ikiwa kwenye mfuko wa tandiko, farasi akikimbia ameondoka nayo. Ukirudi, inua kila ukwato, uondoe mawe kwa kichokoo kuanzia kisigino kuelekea mbele, na pitisha kiganja miguuni kutafuta miiba ya migunga. Mwiba uliovunjikia karibu na kiungo huhitaji daktari siku hiyo hiyo.

SWALI: Nimemnunua farasi wa miaka 4 aliyestaafishwa kwenye mbio za Ngong. Kwenda ni mpole. Tukigeuka kurudi anakimbia, na nikivuta ndiyo anaongeza. (Msomaji, Karen)

JIBU: Anafanya alichofundishwa. Farasi wa mbio hujifunza kuegemea lijamu. Vigwe vikikazwa, kwake maana yake ni "twende". Basi acha kuvuta mfululizo. Kaza kigwe kimoja, achia, kaza, achia, ukiambatanisha na pumzi nzito na mwili uliokaa chini. Fundisha hilo kwanza uwanjani kwa wiki kadhaa: tembea hatua 6, simama, rudi nyuma 2, tembea.

Kuhusu kurudi, badilisha hesabu yake ya faida. Usirudi kwa njia uliyokwenda nayo kama kuna nyingine. Akianza kuharakisha, geuka kwa upole uelekee tena ulikotoka mpaka atembee, ndipo urudi nyumbani. Siku ya kwanza mtageuka pengine mara 30, kwa hiyo usitoke ukiwa na miadi. Mkifika, usimvue tandiko wala kumpa chakula papo hapo. Fanya kazi ya uwanjani dakika 10, kisha mfunge asimame nusu saa. Pumziko na majani mabichi avipate huko mbali, kwenye kivuli, akiwa amelegezwa mkanda. Na mpe muda. Wengi wa farasi hawa huhitaji miezi 2 hadi 3 ya malisho na nafaka kidogo kabla damu haijapoa.

SWALI: Sisi huku Barka, Oman, farasi wetu wa Kiarabu ni wachangamfu lakini joto ni adui. Tunapanda kwenye njia za mchanga. Tutajuaje kwamba kijana amechoka? (Msomaji, Barka)

JIBU: Hesabu mapigo ya moyo. Weka kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto, hesabu kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Akiwa amepumzika ni kati ya 28 na 44. Katika mbio za masafa marefu, kikomo cha kawaida ni 64 baada ya mapumziko mafupi. Kijana wa matembezi awe ameshuka chini ya 60 ndani ya dakika 15. Asiposhuka, safari ilikuwa ndefu, mchanga ulikuwa mzito, au ana homa.

Wakati wa kiangazi panda kabla ya jua kuchomoza. Kumpoza, mmwagie maji mwili mzima mfululizo, na matako pia, bila kusubiri. Ile imani kwamba maji baridi humkamata misuli isiwachelewesheni. Anywe pia papo hapo. Mchanga mzito unachosha kano za miguu ya mbele, kwa hiyo mwanzoni vipande vya dakika 5 vya telki vinatosha, vilivyobaki ni kutembea.

Mchanga una madhara mengine: farasi anayelishwa chini huumeza, ukajikusanya tumboni, akaumwa tumbo. Chukua vibonge 6 vya kinyesi kutoka juu ya lundo, vitie kwenye mfuko unaopitisha mwanga wenye lita moja ya maji, vivunje, uuning'inize dakika 15. Kijiko cha chai cha mchanga au zaidi kikituama chini, mwone daktari, na kuanzia siku hiyo majani yawekwe kwenye hori au juu ya mkeka wa mpira.

SWALI: Masika yanakaribia na tumechanja ugonjwa wa farasi wa Afrika. Tuendelee na mafunzo? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Ya ardhini na matembezi mafupi ya taratibu, ndiyo. Kazi nzito isimamishwe wiki 2 hadi 3, au kadiri atakavyosema daktari aliyechanja, kwa sababu chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mwili una shughuli. Kinga haifungi mlango wote, kwa hiyo awe bandani kabla ya jua kuzama mpaka lichomoze vizuri, maana visubi wanaoueneza hutembea saa hizo. Mpime joto kila asubuhi kabla ya kumtandika. La kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Likifika 39, hakuna kupanda siku hiyo, hata kama anachezea ndoo kama kawaida yake. Macho yakivimba juu au akianza kukohoa, usisubiri kesho. Mvua pia huleta kupe. Tazama ndani ya masikio, chini ya singa na penye shina la mkia.